Shahada na Pareto

Wakulima wa Molo, Kuresoi, Mau Narok na nyanda za juu za Bahati waliotimiza miaka sitini wanaikumbuka pareto kwa karo iliyolipa. Ua lile jeupe lenye kitovu cha manjano lilichumwa kila baada ya wiki mbili au tatu, likaanikwa juani, likapakiwa kwenye magunia na mwisho wa safari likaingia kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru. Kwa miongo kadhaa Kenya iliiuzia dunia zaidi ya nusu ya pareto yote iliyotengenezewa dawa za kuua wadudu. Halafu malipo yakaanza kuchelewa, kwanza miezi, kisha miaka. Sheria haikumruhusu mkulima kumuuzia mwingine, kwa hiyo alibaki na mawili: angoje au ang'oe. Wengi waling'oa, wakapanda viazi na mahindi, na soko la dunia likahamia Tasmania huko Australia. Maua hayakuwa na kasoro. Udongo ulikuwa uleule na baridi ya Mau ilikuwa ileile. Kilichokufa ni dirisha moja la malipo ambalo kila mtu alikuwa amepiga foleni mbele yake.

Ninaikumbusha pareto kwa sababu kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotangazwa, swali moja huzuka upya katika nyumba nyingi za Nakuru: kuna faida gani kumpeleka mtoto chuo? Anayesema faida ipo huwataja mawakili na wahandisi wa ukoo. Anayesema haipo humwonyesha kijana aliye kwenye steji ya bodaboda na shahada ya biashara iko nyumbani chini ya godoro. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala hauishi. Wanaipima shahada kana kwamba shahada zote ni bidhaa moja yenye bei moja. Hoja yangu ni kwamba mizani hiyo ni mbovu. La kuuliza kabla ya karo kulipwa ni nani atakayeununua ujuzi ambao mtoto anakwenda kuutafuta, na wanunuzi hao ni wangapi. Kozi yenye mnunuzi mmoja ni pareto, hata ikihitaji alama za juu namna gani. Kozi yenye wanunuzi wengi ni maziwa. Maziwa nayo yaliwahi kuharibikiwa: kampuni ya maziwa ya KCC, iliyoanzishwa Naivasha mwaka 1925, iliporomoka kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikiwadai uvumilivu wafugaji ambao haikuwalipa. Lakini soko la maziwa lilikuwa limefunguliwa tangu 1992. Mfugaji wa Njoro au Rongai aliyechoshwa na ahadi aliuzia hoteli, akauzia jirani, akauzia mchuuzi wa baiskeli, hata serikali ilipokuja kuifufua KCC kama New KCC mwaka 2003 ng'ombe bado walikuwa zizini.

Ahadi ya kwamba ukisoma utapata kazi ina umri, na hapa Njoro umri huo unahesabika. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton wa Tatton, mlowezi Mwingereza, alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Vijana wale hawakufuata cheti cha kuombea kazi. Walikuwa na mashamba, au waliyatarajia, katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wamepokonywa. Walichokosa ni maarifa ya kuyaendesha. Mwaka 1950 shule ikawa chuo cha diploma, na milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote mwanzoni mwa miaka ya 1960, hesabu ikageuka. Mwafrika aliyehitimu Egerton hakuwa na ekari elfu za kurudia, ila alikuwa na mwajiri. Serikali mpya ilihitaji maafisa wa kilimo na mifugo wa kushika nafasi za Waingereza waliokuwa wakifunga virago, na iliwahitaji wengi, tena kwa haraka. Walimu na makarani walineemeka vivyo hivyo. Wazazi na mababu wa leo waliyaona hayo kwa macho yao, hakuna aliyewadanganya. Lakini neema ile ilitokana na pengo ambalo lingejazwa mara moja tu. Egerton ilipofanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987 pengo lilikuwa limeshajaa, na katika miaka ya 1990, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, serikali ikapunguza watumishi na kuacha kuajiri wahitimu moja kwa moja. Kufikia mwisho wa muongo huo hata walimu waliajiriwa tu kujaza nafasi za waliostaafu au kufariki. Dirisha lilifungwa nusu, na foleni ikaendelea kurefuka.

Kinaya chake kinaonekana vizuri zaidi kwenye ardhi. Mwanafunzi wa 1939 alikuwa na shamba, akaja kutafuta elimu ya kilimo. Leo zipo familia Subukia, Njoro na Elburgon ambazo hukata robo ekari, au ploti ya futi hamsini kwa mia pembeni mwa barabara, zikaiuza ili mtoto akasomee kilimo. Akirudi na shahada yake ya sayansi ya udongo, udongo wenyewe umeshajengwa nyumba za kupangisha. Silaumu uuzaji wa ardhi kwa jumla. Shamba lililogawanywa kwa wana sita halimlishi hata mmoja wao, na elimu ni njia halali ya kumtoa mtu shambani. Ila ardhi ni mtaji usiorudi. Anayeiuza anabadilisha mali yenye wanunuzi tele kwa karatasi ambayo pengine ina mnunuzi mmoja, na biashara ya namna hiyo inastahili maswali makali kuliko yale tunayomuuliza dalali wa gari kuukuu. Kaskazini ya hapa, Uasin Gishu, wazazi waliuza mashamba na kuchanga harambee kuanzia 2021 ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti. Kufikia 2023 wengi walikuwa wakilalamika kwamba fedha walizotoa hazikufika vyuoni, wanafunzi waliokwishafika Finland wakatishiwa kurudishwa nyumbani kwa kudaiwa karo, na mambo yakaishia mahakamani. Kesi ni ya mahakama. Ninachokitaja hapa ni ukubwa wa imani: watu walioweka ardhi ya babu rehani ya ahadi ambayo hawakuwa na njia ya kuikagua.

Tuingie kwenye hesabu, kwa mfano wa kubuni lakini wenye viwango halisi. Tuseme kozi inagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka, na familia imewekwa ngazi ya tatu kati ya tano za mfumo wa ufadhili ulioanza 2023. Kwa viwango vya 2024, katika ngazi hiyo serikali ilifadhili asilimia 50, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ulikuwa asilimia 30, na nyumbani zilitoka asilimia 20. Kwa miaka minne mzazi atatoa 120,000 na mwanafunzi atakopa 180,000. Jumla ni 300,000. Chakula na malazi tuyaache kando, maana hata aliyebaki nyumbani anakula. Gharama kubwa haipo kwenye risiti hizo, ipo kwenye muda. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika miji mikuu kilipandishwa Novemba 2024 hadi takriban shilingi 16,113 kwa mwezi. Miezi 48 ya mshahara huo ni zaidi ya 773,000. Kwa hiyo shahada imemgharimu kijana na familia yake shilingi milioni moja na kidogo. Sasa tumlinganishe na mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi, mwenye shahada, ambaye Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) ilimlipa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Amemzidi kibarua kwa shilingi 3,887. Kwa mwendo huo, hata bila riba, gharama yake itarudi baada ya miaka 23.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Vibarua wangapi hupata kazi kila mwezi, na wangapi hulipwa kima hicho? Wa kwenye mjengo hapati kazi mvua ikinyesha, na wa shambani hupata msimu kwa msimu. Basi tukate mapato ya kibarua kwa nusu: shahada ileile ya mwanagenzi sasa inajilipa katika muda usiofika miaka mitano. Na mwalimu akipata ajira ya kudumu, pamoja na marupurupu, mshahara wake huwa zaidi ya maradufu ya ule wa uanagenzi. Tukisema 45,000, atarudisha gharama yote kwa miaka mitatu na ushei hata akilinganishwa na kibarua anayelipwa kima kamili. Miaka 23, mitano, mitatu: kozi ni moja, chuo ni kimoja, alama ni zilezile. Kilichobadilika ni jinsi mnunuzi anavyolipa, au jinsi kibarua wa kulinganishwa naye anavyolipwa. Na kila mwaka ambao mhitimu anazunguka na bahasha ya kaki mkononi unaongeza karibu 193,000 kwenye gharama, huku HELB ikihesabu riba ya asilimia 4 na, kwa anayekwepa kulipa, faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Walimu ndio mfano ulio wazi zaidi wa pareto ya darasani. Shule za kibinafsi zipo, lakini nyingi hulipa kwa kuangalia jinsi foleni ya TSC ilivyo ndefu. Mnunuzi mkubwa ndiye anayeweka bei hata pale asiponunua. Waliohitimu, wakasajiliwa na bado hawajaajiriwa wanahesabiwa kwa malaki. Sekondari msingi ilipoanzishwa 2023, serikali iligundua kwamba inaweza kupata watu wenye shahada kwa mkataba wa uanagenzi, na waliokubali walikubali kwa sababu hapakuwa na mlango wa pili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema utaratibu huo haukuwa halali. Walimu wakaingia barabarani mwezi uliofuata. Januari 2025 ndipo wanagenzi wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Wengine watasema huu ni udhaifu wa kozi zinazoingiwa na kila mtu. Sivyo. Tazama udaktari, kozi ambayo wanaoipata ni wale wa alama za juu kabisa. Bila mwaka wa uanagenzi daktari hawezi kusajiliwa, na nafasi hizo hugawiwa na Wizara ya Afya. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kuwalipa 70,000, na madaktari wakagoma kwa siku 56, Machi hadi Mei. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani tangu chekechea alikuta kwamba ubora wake hauwezi kumsaidia kwenye mlango wenye bawabu mmoja.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu ni la wachumi. Utafiti wa George Psacharopoulos na Harry Patrinos wa Benki ya Dunia, uliokusanya makadirio ya nchi nyingi na kuchapishwa 2018, ulionyesha kwamba kila mwaka mmoja wa masomo huongeza mapato ya mtu kwa takriban asilimia 9, na kwamba faida ya elimu ya juu ni kubwa zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwingineko. Siupingi. Hata hivyo, wastani una tabia ya kuwaficha wanaokufa maji kwenye mto ambao kwa wastani una kina cha magoti. Makadirio mengi ya aina hiyo hutegemea mapato ya waliopata kazi, wakiwamo walioingia wakati dirisha likiwa wazi. Aliyeacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo hana shahada, ana deni tu, na sidhani kwamba jina lake limo kwenye ule mgao wa asilimia 9. Faida yenyewe ni kubwa Afrika kwa sehemu kwa sababu wenye shahada walikuwa wachache. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mitihani kukazwa, waliopata C+ na zaidi katika KCSE walikuwa 88,929. Mwaka 2024 walifika 246,391. Mwaka huohuo, kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, nchi nzima ilizalisha nafasi mpya za kazi 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Zilizobaki, zile za barua ya ajira na hati ya mshahara, hazikufika 79,000. Hakuna wastani wa dunia unaoweza kulipanua tundu hilo la sindano.

Vyuo vyenyewe vimenaswa katika mtego uleule, jambo ambalo wasimamizi wake wanalijua vizuri kuliko mimi. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanaojilipia mwaka 1998, vyuo vya umma viligundua wanunuzi wengi: walimu waliotaka shahada, makarani wa benki, wazazi ambao watoto wao walikosa nafasi za serikali. Majengo ya matawi yakachipuka mijini, Nakuru ikiwa mojawapo. Matokeo ya 2016 yalipowapunguza waliofuzu, nafasi za serikali zikawatosha wote, na soko la wanaojilipia likanyauka karibu kwa usiku mmoja. Vyuo vikarudi kumtegemea mlipaji mmoja, anayelipa pungufu na kwa kuchelewa. Egerton, chuo chenye historia ndefu kuliko vingi nchini, kilijikuta kikishindwa kulipa mishahara kamili. Wahadhiri waligoma, na Novemba 2021 masomo yakasimamishwa baada ya wanafunzi kuandamana. Mwanafunzi aliyepaswa kumaliza kwa miaka minne akamaliza kwa mitano. Huo mwaka wa tano haumo kwenye mwongozo wa karo, ila tumeshaiona thamani yake.

Na upande wa maziwa je? Upo, tena hapahapa. Olkaria, ndani ya kaunti hii ya Nakuru, mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi uliwashwa 1981, na leo nchi ina zaidi ya megawati 900 za nishati hiyo. Kazi ile ilihitaji wanajiolojia, wanakemia wa maji moto, wahandisi wa mabomba na wachimbaji, na kwa miaka mingi Wakenya wamepelekwa Iceland kwenye mafunzo maalumu yaliyoanza huko mwaka 1979. Mnunuzi wa kwanza alikuwa shirika la umma, lakini ujuzi haukufungwa kwake. Ukanunuliwa na GDC, shirika la kuendeleza jotoardhi, pale Menengai, na kampuni binafsi zinazozalisha umeme, kisha KenGen, kampuni ya umma ya kuzalisha umeme, ikaajiriwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Anayejua kusoma shinikizo la kisima hahitaji kumbembeleza afisa mmoja wa ajira. Nafasi hizo si nyingi, nakubali, na siwezi kumshauri kila mtoto wa Gilgil kuwa mjiolojia. Basi tushuke chini zaidi. Cheti cha afya ya mifugo, kama kinachotolewa na chuo cha AHITI pale Nyahururu, hakivutii wageni kwenye sherehe ya mahafali. Lakini sheria ya 2011 inataka anayetibu mifugo awe amesajiliwa, na kila boma lenye ng'ombe wa gredi kutoka Dundori hadi Olenguruone linamhitaji mtu wa kutibu, kuchanja na kupandisha kwa mbegu ya fahali iliyogandishwa. Kaunti isipomwajiri, wafugaji watamlipa ng'ombe kwa ng'ombe. Muuguzi wa diploma kutoka chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC vilevile: kuna kaunti, kuna hospitali za misheni, kuna kliniki za mashamba ya maua Naivasha, kuna Uingereza iliyotia saini makubaliano na Kenya mwaka 2021, kuna Ghuba. Kwa mizani ya wanunuzi, diploma hii huishinda shahada nyingi ambazo mzazi angeziimbia wimbo.

Hapa watetezi wa ufundi watashangilia kabla ya wakati. Wameshaanza kusema: si tuliwaambia, vijana waende vyuo vya kiufundi, waachane na shahada? Sikubaliani nao kwa haraka hiyo. Karo ya chuo cha kiufundi ni nafuu, shilingi 67,189 kwa mwaka katika utaratibu wa 2023, na taasisi kama Rift Valley National Polytechnic, ambayo wengi bado wanaiita RVIST, ilianzishwa kwa harambee ya wenyeji waliojua wanachokitaka. Lakini jina la ufundi peke yake halileti mnunuzi. Fundi aliyejifunzia kwenye mashine ya zamani ambayo hakuna gereji inayoitumia, au aliyesomea kompyuta kwa kunakili madaftari, amenunua pareto ya bei nafuu. Kuna pia jambo la tabaka ambalo wanasiasa wetu hulipita kimyakimya. Wanaohubiri kwenye majukwaa kwamba si lazima kila mtu aende chuo kikuu, wao wenyewe hawawaandikishi watoto wao kozi ya uashi. Ushauri ambao mtoaji hautumii nyumbani kwake unafaa kupokewa kwa tahadhari. Mtoto wa mkulima wa Kuresoi mwenye kipaji cha hisabati ana haki ileile ya kuwa mhandisi kama mtoto wa waziri, na kumpeleka ufundi kwa sababu tu kwao ni maskini ni kumfungia mlango ambao wanunuzi wake wangekuwa wengi.

Limebaki pingamizi la walimu wa falsafa na la akina mama wengi: elimu si gunia la viazi, humfanya mtu kuwa mtu. Ni kweli, na sidhani yupo anayesoma gazeti hili asiyeliamini. Ila lina matokeo ambayo wanaolisema hawayafuati hadi mwisho. Pale Njoro, kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kimekuwa kikipima ngano kutoka nchi nyingi tangu katikati ya miaka ya 2000, ili kupata mbegu zinazostahimili kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtafiti anayekesha kwenye vitalu vile hupata mshahara wake wa kawaida. Faida ya kazi yake humfikia mwokaji wa Karachi asiyemjua. Mwalimu mzuri wa shule ya msingi naye hulipwa sehemu ndogo ya thamani anayoizalisha. Sasa, ikiwa faida ya elimu ni ya jamii kubwa kiasi hicho, kwa mantiki gani bili inasukumwa kwa familia moja? Zamani mwanafunzi wa nafasi ya serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mfumo wa 2023 uliwapanga watu kwa mapato, familia ya ngazi ya juu ikitakiwa kutoa asilimia 40 ya gharama. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuona unakiuka katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na wazazi wakabaki kati. Tukisema elimu ni uwekezaji wa mtu binafsi, basi mtu huyo aonyeshwe soko. Tukisema ni mali ya umma, basi umma ulipe. Kinachofanyika sasa ni kumtoza mzazi kama mwekezaji na kumfariji kwa maneno ya umma.

Kuonyeshwa soko si jambo gumu kiufundi. Tovuti ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, humwambia mwombaji alama zinazohitajika na gharama ya kozi. Haimwambii waliomaliza kozi hiyo katika chuo hicho miaka mitatu iliyopita wako wapi, walingoja muda gani, na wanalipwa na nani. Wapo wanaoweza kuyakusanya hayo: HELB inajua nani ameanza kulipa mkopo, Mamlaka ya Mapato inajua nani ana mshahara. Serikali inayoweza kumkadiria mzazi hadi ikamweka ngazi ya tatu na si ya nne haiwezi kushindwa kuhesabu wahitimu. Vyuo vitapinga, kwa kuwa baadhi ya kozi zitakosa waombaji. Pareto nayo ilikosa wakulima, na sheria ilipobadilishwa mwaka 2013 ili wanunuzi binafsi waingie, baadhi ya mashamba ya Molo yakaanza kuonekana meupe tena.

Haraka ya jambo hili imeongezeka kwa sababu umri wa kuamua umeshuka. Chini ya mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4, mtoto wa Nakuru alichagua kozi baada ya kidato cha nne, akiwa na miaka kumi na minane hivi na matokeo mkononi. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC, lililopangiwa kuingia gredi ya 10 Januari 2026 na kutarajiwa vyuoni 2029, lilitakiwa kuchagua mkondo likiwa bado gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Waliojaza fomu zile wengi walikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya shule na nafasi ya masomo matatu.